Modeli zinaona atomi, lakini kishada cha metali kinafuata elektroni

Tangu mwaka 2023 watafiti wa metali wana chombo ambacho miaka kumi kabla ya hapo kingeonekana ndoto: modeli za akili unde ambazo ukizipa orodha ya atomi na mahali zilipo, zinakurudishia katika sekunde chache nishati ya mkusanyiko huo na kani inayovuta kila atomi. MACE-MP-0 ni mojawapo ya zinazotajwa sana. Ilifunzwa kwa miundo takriban milioni 1.6 iliyotokana na hazina ya Materials Project, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya fuwele, na inakubali elementi 89. Utafutaji wa maumbo uliokuwa ukishikilia kompyuta kubwa kwa wiki kadhaa sasa unaisha kwa mchana mmoja. Ndipo ikazuka kauli kwamba hata swali la zamani la vishada vidogo vya metali, yaani mikusanyiko ya atomi chache hadi mia chache, limekwisha: weka atomi, acha modeli itafute, chukua umbo la nishati ya chini kabisa. Kauli hiyo inakosea kwenye msingi. Katika kishada cha atomi 8, 13 au 20, umbo halitangulii halafu elektroni zikajipanga ndani yake kama maji kwenye mtungi. Idadi ya elektroni ndiyo inayochagua umbo, na elektroni moja ikiongezwa au kuondolewa inaweza kubadili umbo hilo, uthabiti wake na jinsi linavyojibu kemikali zinazolikaribia. Modeli isiyoambiwa elektroni ziko ngapi inajibu swali jingine, linalofanana na hili kwa sura tu.

Tofauti ya maswali hayo mawili ilionekana wazi zaidi ya miaka arobaini iliyopita, katika majaribio mawili yanayostahili kuwekwa bega kwa bega. Mwaka 1981 Echt, Sattler na Recknagel walipima vishada vya zenoni kwa spektromita ya tungamo, wakaona kwamba idadi fulani za atomi zinajitokeza kwa wingi kuliko jirani zake: 13, 19, 25, 55, 71, 87 na 147. Hizo ni namba za kupanga mipira. Atomi 13 ni moja katikati na 12 kuizunguka, 55 ni tabaka la pili, 147 ni la tatu. Zenoni ni gesi adimu, elektroni zake zimefungwa kila moja kwenye atomi yake, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu zaidi ya mipira yenyewe. Mwaka 1984 kundi la Walter Knight huko Berkeley lilifanya jambo la aina hiyo kwa sodiamu. Mvuke wa sodiamu ulisukumwa pamoja na argoni kupitia tundu dogo hadi ndani ya ombwe, ukapoa, ukaganda kuwa vishada, vikapigwa mwanga wa urujuanimno ili viwe ioni, vikapimwa. Vilele vilitokea 8, 20, 40, 58 na 92. Mfuatano huo haufanani na wa mipira ya zenoni, na 13 haikuwa na upendeleo wowote.

Maelezo ya namba za sodiamu ni mepesi kiasi kwamba watu huyadharau. Kila atomi ya sodiamu inatoa elektroni moja ya nje. Tuseme chaji chanya ya ioni zote imesambazwa sawasawa ndani ya tufe moja, kama mkate wenye rangi moja ndani na nje, na elektroni zote za nje zinatembea ndani ya tufe hilo kwa pamoja. Ngazi za nishati zinazotokea zinafuatana hivi: 1s inabeba elektroni 2, 1p inabeba 6, 1d inabeba 10, 2s inabeba 2, 1f inabeba 14, 2p inabeba 6, 1g inabeba 18. Jumlisha ukipanda ngazi: 2, 8, 18, 20, 34, 40, 58. Kilele huonekana pale ambapo ngazi inayofuata iko mbali. Ndiyo maana 18 hufunikwa na 20, na 34 hufunikwa na 40. Mwaka uliofuata Clemenger alilegeza sharti la tufe na kuruhusu kishada kurefuka au kubapa, akitumia njia ambayo wanafizikia wa viini vya atomi walikuwa nayo tayari. Vilele vidogo vilivyo katikati ya vile vikubwa vikapata maelezo pia: kishada ambacho ganda lake, yaani kundi la ngazi za nishati zilizo karibu karibu, halijajaa hujikunja hadi ngazi ipasuke, na elektroni zikae kwenye kipande cha chini. Tangu hapo umbo lenyewe lilihesabiwa kuwa tokeo la idadi ya elektroni.

Kuna hesabu moja ya haraka inayoonyesha kwa nini jambo hili halitokei kwenye kipande cha metali cha kawaida. Mjapani Kubo alionyesha mwaka 1962 kwamba wastani wa nafasi kati ya ngazi mbili za nishati ndani ya chembe ya metali ni takriban nne ya tatu ya nishati ya Fermi (nishati ya ngazi ya juu kabisa iliyojazwa na elektroni), ikigawanywa kwa idadi ya elektroni huru. Nishati ya Fermi ya sodiamu ni elektronivolti (eV) 3.24. Kwa elektroni 20 nafasi hiyo inakuwa kama eV 0.22, zaidi ya mara nane ya nishati ya joto la chumbani, ambayo ni eV 0.026. Nafasi inalingana na joto la chumbani pale elektroni zinapofika kama 170. Chini ya hapo, kusema "metali" ni kusema kwa mazoea. Zebaki inatoa mfano mkali zaidi. Atomi yake ina elektroni mbili za nje zilizojaza ganda la 6s, kwa hiyo kishada kidogo cha zebaki kinashikana kwa nguvu dhaifu, zaidi kama zenoni kuliko kama metali. Vipimo vya elektroni zinazong'olewa kwa mwanga, vilivyochapishwa mwaka 1998, vilikadiria kwamba pengo la nishati la zebaki, yaani nafasi kati ya ngazi ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu, hujifunga karibu na atomi 400. Kwa magnesi, ambayo nayo ina elektroni mbili za nje, pengo hilo lilipimwa likijifunga kwenye atomi 18 hivi. Metali mbili za elektroni mbilimbili, zikapishana kwa zaidi ya mara ishirini. Nani angeyajua hayo kwa kutazama fuwele zake?

Alumini yenye atomi 13 ndiyo kesi ninayoiona kuwa kipimo cha kweli cha modeli yoyote. Kila atomi inatoa elektroni 3, jumla 39, pungufu ya 40 kwa moja tu. Kishada hicho kinavuta elektroni ya ziada kwa nishati ya karibu eV 3.6, ambayo ndiyo ya atomi ya klorini. Kikiipata, anioni yake (kishada chenye chaji hasi) inajipanga katika umbo kamili la nyuso ishirini, ilhali kile kisicho na chaji hujipinda kidogo. Mwaka 1989 kundi la Castleman liliingiza oksijeni katika mkondo wa anioni za alumini. Nyingi zililiwa, lakini zile za atomi 13, 23 na 37 zilibaki. Hesabu elektroni zake: 40, 70, 112. Baadaye, mwaka 2008, ilibainishwa kwamba hata ganda lililofungwa halielezi kila kitu, kwa kuwa molekuli ya oksijeni ina elektroni mbili zisizo na wenza. Anioni yenye idadi shufwa ya elektroni, zote zikiwa mbilimbili, haiwezi kuungana nayo kirahisi bila spini, yaani mwelekeo wa usumaku wa kila elektroni, kugeuzwa, na yenye idadi witiri inaungana bila kikwazo hicho. Kwa hiyo maswali mawili ya kwanza kuhusu kishada cha alumini ni "elektroni ngapi?" na "spini gani?". Mahali pa atomi ni swali la tatu.

Dhahabu inaleta ushahidi wa umbo lenyewe, na hapa huhitaji nadharia yoyote ili kuukubali. Vipimo vya jinsi ioni zinavyopenya ndani ya gesi ya heli, vilivyochapishwa mwaka 2002, vilionyesha kwamba ioni chanya za dhahabu ni bapa hadi atomi 7 na kuanzia 8 zinakuwa na unene. Anioni zinabaki bapa hadi 11, na kwenye 12 maumbo yote mawili yanaonekana pamoja. Atomi nane zilezile za dhahabu, zikitofautiana kwa elektroni mbili, ni bapa upande mmoja na nene upande mwingine. Modeli ambayo haina mahali pa kuandika chaji italeta jibu moja kwa zote mbili. Jibu hilo litakuwa na desimali nyingi, na halitaonyesha dalili yoyote ya shaka.

Wanaozitetea modeli hizi hawakosi hoja, na ile ya kwanza ni nzito. Wanasema: viini vya atomi ni vizito na elektroni ni nyepesi, kwa hiyo kwa kila mpangilio wa viini kuna nishati moja ya chini kabisa ya elektroni. Nishati ni fanksheni ya mahali pa atomi, na fanksheni hujifunzika. Modeli haihitaji kuziona elektroni, kama vile mpimaji wa ardhi hahitaji kujua jiolojia ili achore ramani ya mlima. Hoja hii ni sahihi kwa sharti ambalo mara nyingi halitamkwi: jumla ya chaji na spini ziwe zimekwisha amuliwa. Kwa fuwele isiyo na chaji sharti hilo linatimia lenyewe. Kwa kishada kinachoruka ndani ya spektromita, au kilichokalia oksidi, au kilichofunikwa na molekuli zinazovuta elektroni, halitimii. Kila chaji na kila spini ina ramani yake. Ramani hizo zinakatizana, na chini kabisa pa moja huenda pakawa mteremkoni kwa nyingine. Modeli iliyofunzwa bila kutenganisha ramani hizo hujifunza wastani wake, na wastani wa mabonde mawili unaweza kuwa kilima.

Hoja ya pili ni ya masafa. Baadhi yetu tumezoea kuzilaumu modeli hizi kwa kuwa kila atomi inaona majirani walio ndani ya angstromu 5 au 6 tu (angstromu ni sehemu moja ya kumi ya nanomita), ilhali obitali ya 1p, yaani eneo ambalo elektroni ya ngazi hiyo inatembea, inatanda kishada kizima. Kwa vishada vidogo lawama hiyo haina nguvu. Modeli nyingi hupitisha taarifa kutoka atomi hadi atomi kwa hatua mbili au zaidi, na hatua mbili za angstromu 6 ni 12, zaidi ya kipenyo cha kishada cha sodiamu cha atomi 20. Taarifa zote za mahali zinafika. Kinachokosekana ni mifano ya kujifunzia, pamoja na ile namba moja ya elektroni.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa mara nyingi zaidi: kwamba kosa la wastani la modeli ni dogo, labda milielektronivolti 20 kwa atomi, hivyo mjadala umefungwa. Tuichukue namba hiyo ilivyo. Kishada cha atomi 20 kina kosa la eV 0.4 ikiwa makosa yote yameegemea upande mmoja, au eV 0.09 yakiwa ya bahati nasibu kabisa. Maumbo yanayoshindania nafasi ya kwanza katika vishada vya ukubwa huo mara nyingi yamepishana kwa chini ya eV 0.1. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinajaa kosa. Tena makosa hayo si ya bahati nasibu: maumbo yenye mtindo mmoja hukosewa kwa namna moja, ndiyo maana modeli inaweza kupandisha familia nzima ya maumbo bapa au kuishusha kwa mkupuo. Kuna tatizo jingine ndani ya neno "wastani". Wastani huo umepimwa kwenye fuwele, ambamo atomi nyingi zimezungukwa pande zote. Katika umbo la nyuso ishirini la atomi 13, atomi 12 ziko juu ya uso. Kwenye 55, ziko 42. Kwenye 147, bado ni 92. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2024 uliona kwamba modeli kadhaa za aina hii hulainisha miteremko ya nishati kimfumo, na nyuso za metali ni miongoni mwa mahali zinapokosea. Kishada kidogo karibu chote ni uso.

Inasemwa pia kwamba hata ukokotoaji wa kawaida wa DFT, unaojenga nishati kutokana na msongamano wa elektroni, una makosa yake, basi kwa nini modeli pekee ndiyo isulubiwe? Ni kweli una makosa, na dhahabu ndiyo inayoyafichua. Fomula za makadirio za DFT za kundi la PBE huelekea kuyapendelea maumbo bapa ya dhahabu kupita kiasi na kuchelewesha mpito wa kwenda unene. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba fomula ya TPSS, inayotumia taarifa zaidi kuhusu elektroni, inauweka mpito wa anioni kwenye atomi 12, pale vipimo vinapouweka. Lakini tazama hoja hii inaelekea wapi. Hazina ya fuwele iliyoifunza MACE-MP-0 ilikokotolewa kwa PBE. Mwanafunzi anamuiga mwalimu, na pale mwalimu anapokosea kuhusu dhahabu, mwanafunzi hana njia ya kujua.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni kwamba haya yote yanarekebishika. Mwaka 2025 ilitoka hazina ya OMol25, yenye zaidi ya mikokotoo milioni 100, ambayo kila mfano umeandikiwa chaji yake na spini yake, na modeli zilizofunzwa nayo zinapokea namba hizo mbili kama sehemu ya swali. Huo ndio mwelekeo sahihi, na unathibitisha lawama badala ya kuifuta: waliojenga hazina hiyo walikubali kwamba mahali pa atomi pekee hapatoshi. Ila OMol25 ni hazina ya molekuli. Ina metali ndani yake, lakini metali nyingi zimefungwa katikati ya viungo vya kikemia, si uchi na zikishikana zenyewe kwa zenyewe. Fomula yake, ωB97M-V, imechaguliwa kwa ajili ya molekuli zenye pengo pana. Kwa kishada ambacho pengo lake ni sehemu ndogo ya eV, fomula yenye kiasi kikubwa cha mbadilishano halisi wa elektroni inahitaji kutazamwa kwa jicho kali kabla ya kuaminiwa.

Nisieleweke kwamba kuhesabu maganda kunatosha peke yake. Kwa platini, paladi na chuma, ambako elektroni za d zimesongamana karibu na ngazi ya juu iliyojazwa, mfuatano wa 2, 8, 20 hausaidii sana. Kwa dhahabu iliyovikwa tiolati, molekuli zinazoshika dhahabu kwa salfa, kuna fomula nzuri iliyowekwa wazi mwaka 2008: chukua idadi ya atomi za dhahabu, toa idadi ya viungo vinavyovuta elektroni, toa chaji. Anioni yenye dhahabu 25 na tiolati 18 inapata 8. Ile yenye dhahabu 102 na tiolati 44, ambayo muundo wake ulisomwa kwa eksirei mwaka 2007, inapata 58. Lakini ile ya dhahabu 144 na tiolati 60 inapata 84, namba isiyofunga ganda lolote, na bado ni thabiti kwa sababu ya jinsi tabaka zake zilivyopangika. Hata sodiamu hubadili tabia: kundi la Martin, lililopima vishada vya hadi atomi 22,000 hivi, liliona mfuatano wa maganda ya elektroni ukipisha mfuatano wa tabaka za atomi karibu na atomi 1,500. Juu ya hapo mipira inarudi kutawala, na hapo modeli za atomi ziko nyumbani kwao.

Kwa anayetaka kuzitumia chini ya mpaka huo bila kudanganyika, kuna jaribio la bei nafuu la kuanzia. Tafuta umbo bora la sodiamu au fedha kwa kila ukubwa kuanzia atomi 2 hadi 22, kisha kwa kila ukubwa jumlisha nishati ya jirani wa juu na ya jirani wa chini, utoe mara mbili ya nishati ya kishada chenyewe. Thamani kubwa ni dalili ya uthabiti. Modeli iliyoshika tabia ya elektroni itatoa vilele kwenye 8 na 20, na mchezo wa kupanda na kushuka kati ya idadi shufwa na witiri. Ukiona vilele kwenye 13 na 19, na hakuna mchezo wa shufwa na witiri, modeli yako inaifanya sodiamu kuwa zenoni. Jaribio hilo linafanyika kwenye kompyuta ya mezani, na sioni sababu ya ripoti yoyote ya vishada kukosa mchoro wake.

Modeli ikifaulu, kazi yake iwe kuchuja, na mwamuzi abaki kuwa ukokotoaji wenye elektroni. Iache itikise maumbo elfu kadhaa, kisha chukua yote yaliyo ndani ya upana wa kosa lake, ambao kwa atomi 20 ni kama eV 0.4 hadi 0.5, si lile la kwanza tu. Ongeza maumbo yanayojulikana kutoka metali nyingine, kwa kuwa modeli inayochukia maumbo bapa haitakuletea hata moja. Hapo ndipo DFT inaingia, na hapo pia ndipo makosa ya kibinadamu yanapoanza.

Kosa kubwa kuliko yote ni la sanduku. Programu nyingi za mawimbi bapa, yaani zinazoeleza elektroni kwa mawimbi yanayojaza sanduku, hurudiarudia kishada pande zote kana kwamba ni fuwele, na kikiwa na chaji huongeza chaji pinzani iliyosambazwa ili jumla iwe sifuri. Kwa chaji ya elektroni moja katika sanduku la mchemraba lenye upande wa angstromu 20, sehemu kuu ya kosa hilo ni eV 1.02. Ukipanua hadi 30, bado ni eV 0.68. Kuongeza ukubwa wa sanduku pekee hakukuokoi. Washa sahihisho la Makov na Payne, au tumia programu inayokata mwingiliano wa umeme mipakani, au hamia programu ya obitali za atomi isiyohitaji sanduku kabisa. Nukta za k, yaani sampuli za mawimbi yanayovuka kutoka nakala moja hadi nyingine, ziwe moja tu, ile ya katikati: nukta zaidi zinapima mazungumzo kati ya kishada na nakala zake, kitu ambacho hakipo.

Kosa la pili linajificha kwenye ulainishaji wa ujazo wa ngazi, yaani kuruhusu ngazi zijae kwa sehemu tu. Mpangilio wa Fermi wenye upana wa eV 0.1 husaidia mkokotoo kutulia, lakini ni sawa na kuzipa elektroni joto la kelvini 1,160. Kishada chenye ganda lililo wazi kitakubali kukaa katika umbo la ulinganifu kamili kwa kugawa elektroni moja katika ngazi tatu. Anza na 0.1 ukipenda, malizia na 0.01 au sifuri, kisha soma orodha ya ujazo. Ukikuta theluthi au nusu, sukuma kila atomi kwa bahati nasibu kiasi cha angstromu 0.05 na uache umbo litulie upya. Rudia kwa spini angalau mbili: hali ya moja na ya tatu kwa idadi shufwa (elektroni 0 au 2 zisizo na wenza), ya mbili na ya nne kwa witiri (elektroni 1 au 3). Usidhani hali ya moja inashinda daima. Alumini ya atomi mbili tu tayari ina elektroni mbili zisizo na wenza. Kwa dhahabu tumia kiini bandia (fomula inayowakilisha kiini pamoja na elektroni za ndani) kilichotengenezwa kwa kuzingatia relativiti, chenye elektroni 19 za nje. Bila relativiti obitali ya 6s haisinyai, na ubapa wa dhahabu unatoweka pamoja nayo. Hatimaye kokotoa mitetemo yote, na umbo lenye masafa ya kufikirika litupwe, kwa maana liko juu ya njia ya kupita, si bondeni.

Pengo la nishati linahitaji tahadhari yake. Tofauti kati ya obitali ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu ni kitu kimoja. Gharama ya kung'oa elektroni ukitoa faida ya kuongeza nyingine ni kitu kingine, na cha pili kinabeba gharama ya kuchaji tufe dogo. Kwa sodiamu ya atomi 20, yenye nusu kipenyo cha angstromu 5.6 hivi, gharama hiyo peke yake ni kama eV 2.5. Anayelinganisha cha kwanza na kipimo cha pili atalaumu fomula kwa kosa ambalo ni lake. Linganisha vinavyofanana: nishati ya anioni na ya kishada kisicho na chaji katika umbo lilelile la anioni, dhidi ya kilele cha elektroni zinazong'olewa kwa mwanga. Piramidi ya dhahabu ya atomi 20 ilitambuliwa kwa njia hiyo mwaka 2003, ikiwa na pengo la eV 1.77.

Athari za haya zinaonekana zaidi kwenye vichocheo, ambako shauku ya modeli mpya ni kubwa. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba dhahabu ya atomi 8 juu ya oksidi ya magnesi inaunguza monoksidi ya kaboni katika baridi kali, ikiwa oksidi hiyo ina mashimo yaliyoachwa na oksijeni. Juu ya oksidi isiyo na mashimo, dhahabu hiyohiyo inalala. Maelezo ni kwamba elektroni zilizonaswa shimoni huhamia kwa sehemu kwenye kishada. Mtetezi atasema modeli inaliona shimo, maana ni atomi iliyokosekana. Ndiyo, inaliona. Lakini shimo hilo linaweza kubaki na elektroni mbili, moja, au lisiwe nayo hata moja. Ukiganda atomi zote mahali zilipo, hizo ni hali tatu zenye nishati tatu na kemia tatu, na modeli isiyopokea chaji haina pa kuziandikia.